Losheni isiote ukungu: kutumia diklorobenzili alkoholi

Nyinyi mnaopika losheni nyumbani na kuuza pale soko la Kibuye ama kwa majirani, hii ni yenu. Joto la Kisumu halina huruma, losheni yenye maji ikikosa kihifadhi, yaani kitu cha kuzuia isiharibike, haikawii kunuka, unafungua kifuniko unapata vidoti vyeusi pembeni, na mteja akiona hivyo ashahamia kwa mwingine.

Diklorobenzili alkoholi ni kihifadhi, unga mweupe wa chengachenga, na si kitu kigeni vile, kuna tembe za koo za kumung'unya ziko nayo, miligramu 1.2 kwa tembe. Kwa losheni kazi yake kubwa ni ukungu. Bakteria pia inawagusa lakini si sana, ndio maana mimi siiachi peke yake, naiunga na fenoksiethanoli, kihifadhi kingine ambacho kwa bakteria kiko sawa ila kwa ukungu ni kivivu.

Sasa vipimo, hapa ndio watu huharibu. Sheria ya Ulaya inaruhusu mwisho asilimia 0.15, yaani gramu 1.5 kwa kilo moja ya losheni. Ukipika kilo 5 ni gramu 7.5, basi, ukiongeza umepita kiwango na unaweza kuwasha watu ngozi. Fenoksiethanoli nayo isipite asilimia 1, kwa hizo kilo 5 ni gramu 50. Na tafadhali mambo ya kijiko cha chai wachana nayo kabisa, tafuta mizani ndogo ya betri inayosoma hadi pointi ya gramu.

Kwa maji baridi haiyeyuki vizuri, itabaki inaelea tu. Yenyewe huyeyuka kwa nyuzi 55 hadi 58 hivi, kwa hivyo itie kwa mafuta na nta vikiwa moto, nyuzi 70, koroga mpaka ukiinamisha sufuria usione chembe hata moja imeshika chini, ndio sasa uingize maji moto. Fenoksiethanoli ngoja ipoe hadi 40. Glavu na maski usisahau wakati wa kupima, huo unga ukiingia machoni utajuta.

Maji yawe ya kudistili ama yaliyochemshwa, chupa pangusa na spiriti, kihifadhi hakiwezi kukuoshea vyombo. Ya kupeleka dukani lazima uwe na alama ya KEBS, shirika la viwango la Kenya. Na mteja mwenye ngozi nyepesi kuwashwa mwambie apake kidogo ndani ya mkono, angoje siku moja kwanza.