Thabai: vile mimi huichuma, kuikausha na kuitumia

Niko upande wa Kinangop, chini ya milima ya Aberdare, na hii kazi ya thabai, ule mmea wa milimani unaowasha ngozi, nilianza nikiwa mdogo nikimbebea shosho (nyanya yangu) kiondo. Watu huniuliza sana unaishika aje bila kuwashwa, wengine wanataka ile ya unga ya kuweka kwa uji, basi wacha niandike yote hapa mara moja.

Kwanza tuelewane ni mmea gani. Kwa sayansi inaitwa Urtica massaica, na inapenda baridi ya milimani, kuanzia kama mita 1,500 kwenda juu, Aberdare, Mlima Kenya, Mau, mpaka Kilimanjaro na Meru, na kule milima ya Virunga, mpakani mwa Rwanda, Uganda na Kongo, sokwe wa milimani wanaila mbichi na vinywele vyake. Rwanda wanaiita igisura. Kuna wenye huiita upupu lakini upupu wa Pwani ni mwingine kabisa, ule unatambaa na una maganda yenye manyoya, huo usiulete jikoni. Thabai inasimama wima, majani yana meno kama msumeno na yanakaa mawili mawili yakiangaliana. Baridi ya usiku ikiunguza majani usijali, mzizi uko hai chini na mvua ikinyesha inachipuka tena.

Hatua ya 1, chagua mahali. Thabai hufuata samadi, utaipata penye zizi la zamani na kando ya msitu. Usichume karibu na barabara, na usichume kando ya shamba la waru (viazi) lililopigwa dawa ya kuvu au ya wadudu, hiyo dawa inaruka na upepo na hutaiona kwa jani.

Hatua ya 2, kuchuma. Vaa glavu nzito na mikono mirefu, nenda asubuhi umande ukishakauka. Kata ile ncha ya juu tu, majani manne mpaka sita, kabla haijatoa maua. Ikishatoa maua majani yanakuwa magumu, yana chembechembe kama mchanga, na hata ladha inaharibika. Chukua jani moja uliinue kwa mwanga uliangalie vizuri, utaona vinywele vimesimama kama sindano za kioo, na ncha yake kweli ni silika, kitu kile kile kioo hutengenezwa nacho. Ukiigusa tu inavunjika na kukudunga kemikali za histamini na asetilikolini, ndio maana ngozi inavimba na kuchoma hapo hapo. Ikikushika usikune! Bandika selotepu uivute itoe vinywele, halafu osha na maji baridi na sabuni.

Hatua ya 3, kama ni ya kula leo, osha kwa beseni ukikoroga na mwiko, tia kwa maji yanayochemka dakika tano hivi na haitawasha tena. Chuja, ponda na waru, mahindi na maharagwe, hiyo ndio mukimo. Yale maji ya kuchemshia mimi siyamwagi, nafanya supu.

Hatua ya 4, kukausha, na hapa ndio wengi huharibu. Kausha kivulini penye hewa, juu ya wavu, safu nyembamba, ukigeuza kila siku. Juani inageuka kahawia na harufu yake nzuri inapotea. Lakini pia usikaushe msimu wa ukungu, mwaka mmoja nilianika mwezi wa saba, jua halikuonekana karibu wiki mbili, nikakuta magunia mawili yameota kuvu na nikatupa yote, iliniuma sana. Iko tayari jani likivunjika kwa vidole na kutoa mlio, kwangu huchukua siku tano mpaka saba. Saga, chekecha (ukiwa bado na glavu), weka kwa mtungi mkavu wa kufunika.

Sasa matumizi. Shosho aliwapa wamama waliotoka kujifungua kila siku, kwa sababu ya damu, na ni kweli majani yana madini ya chuma. Ila chuma ya mimea mwili huichukua polepole, basi kamulia ndimu, na chai ya majani unywe baadaye, si pamoja. Na kama unasikia kizunguzungu na umechoka kila siku nenda upimwe damu, thabai ni chakula cha kusaidia, haichukui nafasi ya dawa za hospitali. Ya kinywaji ni kijiko kimoja kidogo cha unga kwa kikombe cha maji moto, funika dakika kumi.

Wazee wenye maumivu ya viungo walijichapa na thabai mbichi pale panapouma. Nilidhani ni ya huku tu, lakini Uingereza mwaka 2000 walijaribu ndugu yake, Urtica dioica, kwa watu 27 wenye maumivu ya gumba, na maumivu yakapungua. Ni watu wachache, lakini shosho hakukosea. Kama una pumu au mzio mkali usijaribu hiyo.

Mjamzito, mwenye shida ya figo, na anayetumia dawa za presha au sukari, ongea na daktari kwanza. Anayetumia warfarini, dawa ya kuzuia damu kuganda, asianze kuila ovyo, ina vitamini K nyingi na inapunguza nguvu ya hiyo dawa.

Ukitaka ya kwako, chimba kipande cha mzizi chenye macho, panda karibu na zizi mahali watoto hawapiti, upe mzizi msimu mmoja wa mvua ushike kabla hujaanza kukata.