Namna ya Kuuandaa Mtaa Umpokee Mtoto Mwenye Usonji

Anayetaka mtaa wake umpokee mtoto mwenye usonji, hali ya ukuaji wa ubongo ambayo kwa Kiingereza huitwa autism, asianze na fulana wala bango la tarehe 2 Aprili, siku ya uelewa kuhusu usonji ambayo Umoja wa Mataifa uliitenga mwaka 2007 na ambayo huadhimishwa tangu 2008. Siku hiyo ina faida yake, lakini tarehe 3 mtoto yule yule hufukuzwa dukani kwa kuwa ametia mkono kwenye gunia la mchele. Aanze kwa kukaa na mzazi na kumuuliza: ni wapi mnafukuzwa, na ni wapi mmeacha kwenda wenyewe kwa kuchoka? Kwetu Dar es Salaam majibu hayatofautiani sana: daladala, kinyozi, nyumba ya ibada, sherehe na darasa la kwanza. Shughulikieni sehemu moja baada ya nyingine, mkianza na ile ambayo mwenyewe wake ana moyo wa kusikiliza.

Kwa kinyozi najua zaidi, kwa sababu mwanangu aliwahi kunyolewa nusu kichwa tukaombwa tutoke, wateja wakinong'ona kwamba hakufunzwa adabu. Haikuwa adabu, mlio wa mashine karibu na sikio ulikuwa unamuumiza. Tulihamia kwa fundi mwingine, tukakubaliana naye tuwe tunakwenda Jumanne asubuhi, wakati kibanda ni kitupu na redio imezimwa. Mara ya kwanza mtoto alishika tu mashine ikiwa imezimwa. Mara ya pili iliwashwa akaiweka kiganjani, kisha begani. Mara ya tatu zikanyolewa pembeni peke yake, na katikati likabaki shungi kama la jogoo ambalo watoto wenzake walilihusudu. Siku hizi fundi ndiye anayewaeleza wateja wake usonji ni nini, na wanamwelewa kuliko wangenielewa mimi.

Mkishapata mtu mmoja wa namna hiyo, mwombeni mwenyekiti wa serikali ya mtaa dakika kumi katika mkutano wa wananchi. Semeni kwa ufupi kwamba usonji unatokana na jinsi ubongo unavyokua tangu utotoni, kwamba hauambukizi, na kwamba hausababishwi na malezi mabaya, laana wala mashetani. Shirika la Afya Duniani lilikadiria kuwa mwaka 2021 mtu mmoja kati ya 127 alikuwa na usonji. Kwa makadirio hayo, mtaa wa watu 2,000 unaweza kuwa nao wapatao 16, na wengine ni watu wazima ambao tumezoea kuwaita wakaidi au wapweke. Pakiwa na mtu mzima mwenye usonji aliye tayari kuzungumza, mpeni yeye nafasi hiyo, nanyi mzazi na jirani mkae pembeni. Swali la kama chanjo husababisha usonji halikosekani: waelezeni kwamba makala ya mwaka 1998 iliyozusha hofu hiyo ilifutwa na jarida lenyewe, The Lancet, mwaka 2010, na kwamba tafiti nyingi zilizofuata hazikuona uhusiano wowote. Maneno kama zezeta na taahira yakataliwe hapo hapo mkutanoni, tena na mzee anayeheshimika, kwa kuwa kijana akikemea huonekana analeta usomi.

Msimlazimishe mzazi anayemficha mtoto ndani amtoe, wala msimpige mtoto picha ya kampeni. Mzazi huyo hutoka mwenyewe akiona wa mwenzake amekaa msikitini au kanisani bila kukodolewa macho. Viongozi wa dini huombwa jambo dogo tu, yaani nafasi karibu na mlango na mbali na spika, pamoja na ruhusa ya kutoka na kurudi. Wenye sherehe nao watoe taarifa ya saa ambayo muziki utaanza, ili familia ije mapema, ipate kula pilau kwa utulivu na kuondoka.

Shuleni mambo ni magumu zaidi. Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya mwaka 2010 inampa mtoto haki ya kusoma, na kuna shule zenye vitengo vya usonji, kama Msimbazi Mseto pale Ilala, lakini vitengo hivyo ni vichache na nauli ni ya kila siku. Mwendeeni mwalimu kabla ya kutaja sheria, mkiwa na kitu mkononi: picha zilizokatwa kwenye kalenda kuukuu na kubandikwa juu ya boksi, za maji, choo, chakula na nyumbani, ili mtoto asiyezungumza aonyeshe anachotaka.

La mwisho lisisubiri mkutano wowote. Baadhi ya watoto hawa hutoka nyumbani ghafla, na wengi huvutwa na maji, kwa hiyo visima na mashimo yafunikwe, na kijiwe cha bodaboda kimfahamu mtoto kwa sura na jina. Madereva waelekezwe wasipige kelele wala kumkimbiza, bali watembee naye ubavuni huku mmoja akimpigia simu mama. Namba ya simu ishonwe upande wa ndani wa ukosi wa shati, ambako jirani aliyeelezwa ataitafuta na mpita njia hataisoma.