Jinsi ya kuomba akaunti ya hisa na kununua hisa za supamaketi

Kumiliki kipande cha kampuni ya supamaketi hakuhitaji mtaji mkubwa wala kujuana na mtu. Unahitaji akaunti ya hisa, akaunti ya benki yenye jina lako, na jioni mbili tatu za kusoma. Wengi hukimbilia fomu na kuruka kusoma. Nakusihi ufanye kinyume: fomu utaimaliza kwa nusu saa, lakini hisa huenda ukakaa nazo miaka.

Kwa hiyo kabla ya kuomba chochote, pakua taarifa ya mwaka ya kampuni unayoitaka. Hutolewa bure kwenye tovuti ya kampuni, sehemu ya wawekezaji. Supamaketi huishi kwa faida nyembamba: katika kila 100 inayoingia kwa keshia, mara nyingi inayobaki baada ya gharama zote na kodi ni 2 au 3. Sasa ongeza usafirishaji. Mteja anapoingia dukani, sehemu kubwa ya kazi anaifanya yeye: anazunguka kwenye rafu, anachagua, anabeba, anafika nyumbani kwa nauli yake. Akiagiza kwa simu, kazi hiyo yote inahamia kwa kampuni. Lazima awepo mtu wa kuokota bidhaa rafuni, wa kufungasha, dereva na mafuta, na wakati mwingine safari ya pili kwa sababu mlango uligongwa hakuna aliyefungua. Ile 2 au 3 inaweza kuisha njiani kabla mzigo haujafika.

Hili limekwisha kutokea. Webvan, kampuni ya Marekani iliyopeleka bidhaa za supamaketi majumbani, iliuza hisa kwa umma Novemba 1999, ikajenga maghala makubwa ya mitambo kabla haijapata oda za kuyatosha, na Julai 2001 ikafilisika. Wateja ilikuwa nao, ila hawakutosha kulipia maghala yale na magari yaliyokuwa yakitoka kila siku. Ndiyo maana ukiona taarifa inasifu kwamba mauzo ya mtandaoni yamepanda, tafuta kurasa zinazofuata: je, wanasema kila oda inawagharimu kiasi gani? Wanaokota bidhaa kutoka dukani au wana ghala maalumu? Mteja analipia usafiri, au ni wa bure kuanzia kiwango fulani cha manunuzi? Kampuni inayokaa kimya juu ya hayo huku ikijigamba kwa idadi ya oda, mimi huiweka pembeni kwanza.

Angalia pia mauzo ya maduka yaliyokuwapo mwaka uliopita, yakitengwa na ya maduka mapya. Kufungua matawi kunaweza kuficha kwamba matawi ya zamani yanadorora. Kisha soma maelezo kuhusu fedha zinazotoka kwa wasambazaji, yaani malipo wanayotoa ili bidhaa zao zipewe nafasi nzuri au zifanyiwe promosheni. Mwaka 2014 Tesco, kampuni ya supamaketi ya Uingereza, ilitangaza kwamba makadirio yake ya faida yalikuwa yamezidishwa kwa takriban pauni milioni 250, na chanzo kikubwa kilikuwa kuhesabu mapema fedha za aina hiyo. Bei ya hisa ilianguka siku hiyohiyo.

Ukisharidhika, tafuta dalali wa hisa, yaani kampuni inayokununulia na kukuuzia hisa sokoni. Mamlaka inayosimamia masoko ya mitaji katika nchi yako huwa na orodha ya madalali wenye leseni. Andika anwani ya tovuti ya mamlaka kwa mkono wako mwenyewe. Usibofye kiungo ulichotumiwa. Linganisha jina la kampuni herufi kwa herufi, kwa sababu matapeli hupenda majina yanayofanana na ya kweli. Muulize dalali kamisheni ya kununua na ya kuuza, ada ya kutunza akaunti, na kama kuna ada ukikaa muda bila kufanya biashara. Anayekuahidi faida ya uhakika, achana naye.

Kwa maombi yenyewe, andaa kitambulisho cha taifa au pasipoti, namba ya mlipakodi, uthibitisho wa makazi kama bili ya hivi karibuni, picha, na maelezo ya benki. Fomu itaomba pia chanzo cha fedha zako na kiwango cha hasara unachoweza kuvumilia. Jibu ukweli. Sehemu ya mrithi usiiache wazi, maana familia nyingi hupata tabu kubwa hapo baadaye.

Sehemu ya jina ndiyo inayotesa watu. Mimi niliandika majina mawili kwenye fomu ya hisa ilhali benki nilikuwa nimesajiliwa kwa matatu. Akaunti ilifunguliwa vizuri, hisa zikanunuliwa, na kila kitu kilionekana sawa mpaka lilipotoka gawio la kwanza, yaani sehemu ya faida ambayo kampuni huwagawia wenye hisa. Benki ililirudisha kwa sababu majina hayakulingana, nami nikatumia wiki kadhaa kufuatilia, nikipanga foleni na nakala za kitambulisho mkononi. Weka kitambulisho, kadi ya benki na fomu mezani pamoja. Soma majina matatu kwa sauti, kwa mpangilio uleule, kabla hujasaini. Saini nayo ifanane na ile ya benki.

Ukinunua hisa za Marekani ukiwa raia na mkazi wa nchi nyingine, utapewa pia fomu W-8BEN, ya kuthibitisha kwa ajili ya kodi ya Marekani kwamba wewe si raia wala mkazi wa huko. Gawio hukatwa kodi ya 30% isipokuwa nchi yako ina mkataba unaoipunguza, na kwa kawaida fomu hiyo hudumu hadi mwisho wa mwaka wa tatu baada ya mwaka ulioisaini.

Akaunti ikikubaliwa utapata namba yako. Tuma fedha kwenye akaunti ya wateja yenye jina la kampuni ya udalali tu, kamwe si kwenye namba binafsi ya wakala, hata akiwa mkarimu kiasi gani. Kisha toa oda ya kununua hisa. Ukiagiza kwa bei ya soko utapata bei yoyote iliyopo wakati huo. Ukiweka kikomo cha bei, hutalipa zaidi ya ulichotaja, ingawa oda inaweza isitimie. Kwa hisa zisizouzwa sana, mimi hutumia kikomo siku zote. Umiliki hukamilika siku chache za kazi baadaye. Marekani imekuwa siku moja tangu 28 Mei 2024. Baadhi ya masoko mengine hutumia mbili au tatu.

Kama kampuni ndiyo kwanza inauza hisa kwa umma, utaratibu ni tofauti kidogo. Unasoma waraka wa matarajio, yaani maelezo rasmi ya kampuni na ya hisa inazouza, unajaza fomu ya maombi na kulipa kabla ya tarehe ya mwisho. Maombi yakizidi hisa zilizopo utapewa pungufu na kurudishiwa baki. Usiogope kuchelewa: Instacart, ya kupeleka bidhaa za supamaketi majumbani, iliuza hisa kwa dola 30 Septemba 2023, zikapanda siku ya kwanza, na siku chache baadaye zilikuwa zinapatikana sokoni kwa chini ya bei hiyo.

Baada ya ununuzi, omba taarifa kutoka hifadhi kuu ya dhamana, yaani taasisi inayotunza kumbukumbu za nani anamiliki hisa zipi, si kwa dalali peke yake. Hakiki idadi ya hisa, tahajia ya jina lako, na namba ya benki ambako gawio litaingia. Ukiona kosa, andika barua siku hiyohiyo na ubaki na nakala iliyopigwa muhuri wa kupokelewa.