Pima Kwanza Ndipo Ununue: Koni, Snokeli na Pikapu ya Nairobi

Mteja ana Hilux au D-Max ya dizeli. Ameona chujio jekundu la hewa lenye umbo la koni likining'inia dukani Kirinyaga Road, akaambiwa likifungwa gari litapumua na kuvuta vizuri zaidi. Anakuja gereji kuuliza kama ni kweli. Kwa pikapu nyingi ninazoziona, jibu ni hapana. Lakini usichukue neno langu wala la muuzaji. Kwa mpira mwembamba unaoonyesha ndani na maji kidogo utapata jibu la gari lako mwenyewe.

Hesabu yenyewe iko hivi. Nairobi iko karibu mita 1,800 juu ya usawa wa bahari. Presha ya hewa Mombasa ni kama kilopaskali 101, na hapa ni kama 82. Ukiipima kwa urefu wa maji, kama tutakavyofanya, hewa ya Mombasa inaweza kusukuma maji juu karibu sentimita 1,030, na ya Nairobi karibu 840. Yaani kabla hujawasha gari umeshapoteza sentimita 190. Sasa tuseme chujio lako na mabomba yake yanakula sentimita 25 injini ikifanya kazi kwa nguvu zote. Hata ukiyang'oa yote ukayatupa, unaongeza hewa kwa asilimia 3 tu. Koni haiondoi kizuizi chote. Labda inapunguza nusu. Hiyo nusu ndiyo unayouziwa.

Tena kwenye dizeli ya kisasa yenye turbo, yaani feni inayosukuma hewa ndani ya injini, kompyuta ya injini imepangiwa presha ya kufikia. Hewa ikiwa hafifu kidogo, turbo inazunguka zaidi hadi ifikie. Ukiirahisishia kazi, itazunguka pungufu kidogo, na dizeli inayopulizwa kwenye silinda ni ileile. Nguvu ya dizeli hutoka kwenye dizeli. Hewa ya ziada bila mafuta ya ziada haivuti mzigo.

Hatua ya 1: Fungua sanduku la chujio, utazame

Fungua klipu, toa chujio, kisha pangusa upande wa ndani wa bomba linaloelekea kwenye turbo kwa kitambaa cheupe. Hapa ndipo nawaomba watu wasiwe na haraka. Kitambaa kikitoka na vumbi jekundu, hewa inapita kando ya chujio, na hilo ni tatizo kubwa kuliko nguvu yoyote unayoitafuta. Vumbi hilo linasaga ringi na silinda na kula mapanga ya turbo, hadi siku injini inaanza kula oili na kila mtu analaumu oili. Kagua mpira wa ukingo wa chujio: uwe laini na ukae sawasawa pande zote. Vyujio vya bandia hapa mjini huwa na ukingo mgumu kama plastiki na mikunjo isiyolingana. Ingiza tochi ndani ya chujio penye giza. Mwanga ukipenya kama nukta, limetoboka.

Na tafadhali, acha kuligonga chujio la karatasi kwenye tairi. Ukilipuliza, puliza kutoka ndani kwenda nje, presha isizidi baa 2, mdomo wa bomba ukiwa mbali na karatasi. Likiwa limeziba kwelikweli, badilisha kabla ya kuendelea, maana kipimo kinachofuata hakitakuwa na maana.

Hatua ya 2: Tengeneza kipimo cha maji

Nunua mpira mwembamba unaoonyesha ndani, kama mita 5. Ukunje umbo la U kwenye ubao, kila mkono uwe na sentimita 120, uukaze kwa nyaya za plastiki na uchore sentimita kando yake. Jaza maji yenye rangi hadi nusu ya mikono. Kati ya U na injini weka chupa ngumu tupu yenye matundu mawili kwenye kifuniko, iliyozibwa vizuri. Maji yakivutwa kupita kiasi yaangukie humo, yasifike kwenye turbo. Usiruke sehemu hii.

Pa kuchomeka mpira ni upande wa hewa safi, baada ya chujio na kabla ya turbo. Baadhi ya pikapu zina kitundu cha kiashiria cha chujio, tumia hicho. Kama hakipo, toa kifuniko cha sanduku kabisa, kitoboe tundu dogo nje ya gari, kioshe na kukausha, ndipo ukirudishe. Usitoboe kikiwa kwenye gari, vumbi la plastiki litaingia ndani. Baadaye tundu lizibwe kwa kizibo cha mpira na klipu.

Hatua ya 3: Panda mlima

Asubuhi ya Jumapili, barabara ikiwa wazi, panda kutoka Kangemi kuelekea Kikuyu ukiwa na mzigo. Gia ya tatu, kanyagio la mafuta hadi chini kwa sekunde chache, bila kuvunja sheria ya mwendo. Abiria ashike ubao wima na asome tofauti kati ya maji ya mkono huu na ule. Dereva asiangalie ubao hata kidogo.

Vingi vya viashiria vya vyujio vya dizeli huonyesha alama nyekundu kati ya sentimita 50 na 63. Chini ya 25, funga mkoba wako, hakuna cha kununua. Kati ya 25 na 50, weka chujio jipya la karatasi la kweli, pima tena, na uangalie kama panya au karatasi ya nailoni imeziba mdomo wa kuvutia hewa. Hayo mambo hutokea zaidi kuliko unavyofikiri. Ikibaki juu ya 50 na chujio ni jipya, hapo ndipo kuna kitu cha kurekebisha, mara nyingi bomba lililojikunja au snokeli (bomba la kuvutia hewa linalopanda hadi juu ya paa) iliyo nyembamba.

Hatua ya 4: Soma joto la hewa

Chomeka kisoma kompyuta cha OBD (kinachochomekwa kwenye tundu la uchunguzi la gari), hata kile cha bei rahisi cha simu, na utazame joto la hewa inayoingia. Kila digrii 3 zinapoongezeka, hewa inapungua kwa takriban asilimia 1. Sanduku la kiwandani huvuta hewa kutoka nje, karibu na taa au ndani ya bawa la gurudumu. Koni iliyo wazi chini ya boneti, kwenye foleni ya Thika Road, inavuta hewa iliyopikwa na injini. Ikiwa ni digrii 20 zaidi, zile asilimia 3 ulizotafuta zimeliwa mara mbili.

Koni za pamba hupakwa oili. Ukizidisha oili, inafika kwenye waya wa sensa ya hewa, sensa inadanganya kompyuta, na gari linaanza kukosa nguvu. Kama unachotaka ni ule mlio wa turbo, sawa kabisa, nunua kwa ajili ya masikio. Usiniambie tu kwamba linavuta zaidi.

Hatua ya 5: Amua

Hilux ya zamani yenye injini iitwayo 5L, isiyo na turbo, inayotoa moshi mweusi mlimani: peleka kwa fundi wa pampu. Pampu iliyopimwa kwa usawa wa bahari hutia dizeli nyingi kuliko hewa iliyopo hapa. Gari lililoongezewa mafuta kwenye kompyuta na kubadilishiwa turbo ni habari nyingine. Hilo linaweza kuhitaji njia pana ya hewa, na kipimo kitakuambia.

Anayeenda Magadi au Kajiado kwenye vumbi kila wiki, snokeli ina faida ya kweli, kwa sababu juu ya paa hewa ni safi zaidi na chujio linadumu. Inasaidia pia kwenye maji, ila tu ikiwa viungo vyake vimezibwa visipitishe maji. Wengi hutoboa bawa na kusahau kuziba vitundu vya kutolea maji chini ya sanduku la chujio. Jaribu hivi: injini ikinguruma taratibu, ziba mdomo wa snokeli kwa kipande cha ubao bapa, si kwa kiganja. Injini izimike ndani ya muda mfupi. Ikiendelea kunguruma, kuna mahali inavuta hewa, na mahali hapo maji pia yatapita. Rudisha gari kwa aliyefunga kabla ya mvua za Aprili.