Diski imegoma ghafla? Usikimbilie kuiformati, huenda fimwea ndo mbovu

Kuna diski zinakufa kwa kuangushwa, kuna zinazokufa kwa umeme kukatika na kurudi na kishindo, na kuna hizi ambazo mtu anakuwa hajaigusa wala hajaidondosha, jana usiku alifanyia kazi vizuri, asubuhi anawasha mashine diski haionekani. Fundi wa haraka atakwambia imeungua hiyo nunua nyingine, basi data zinaenda na maji. Subiri kwanza. Inawezekana kilichokwama ni fimwea, ile programu ndogo inayokaa ndani ya diski yenyewe na kuiendesha, haina uhusiano na Windows yako. Yaani daladala ni zima, mafuta yapo, dereva ndo kazimia kwenye usukani.

Kisa ambacho mafundi wa diski hawajakisahau ni cha Seagate Barracuda 7200.11. Mwishoni mwa 2008 kuingia Januari 2009 diski za 500GB na 1TB za familia hiyo, nyingi zikiwa na fimwea inaitwa SD15, zilianza kufa moja baada ya nyingine, na zote zinakufa kwa staili mbili tu: ama bayosi (programu ya kwanza kuamka ukiwasha kompyuta) haiioni kabisa, ama inaiona lakini inasema ukubwa wake ni 0. Sababu ilikuja kujulikana. Diski ina logi ya ndani inayoandika matukio yake, sasa kama logi imesimama kwenye namba 320 (au 320 ukiongeza 256 mara kadhaa) pale unapoiwasha, na kama kule kiwandani mashine ya kupimia iliacha data za aina fulani kwenye sehemu ya diski iliyofichwa mtumiaji asiione, fimwea inajifunga na haifunguki tena. Ndo maana mtu ana diski mbili za siku moja duka moja, hii inakufa ile inadunda miaka.

Umeona lakini neno muhimu hapo? PALE UNAPOIWASHA. Diski ya namna hii ikiwa imeshawaka inafanya kazi tu, inakufa kwenye kuzima na kuwasha. Kwa hiyo ukishahisi diski yako ipo kwenye kundi lenye ugonjwa kama huu, usirestati, usiseme ngoja nizime nione, iache iwake hivyo hivyo na uanze kutoa vitu sasa hivi.

Tuanze na masikio. Diski ya kuzunguka ikiwa inagonga tak tak tak au inakwaruza, hiyo siyo fimwea, hiyo ni kichwa kinachosoma data au sahani zinazobeba data, izime na usiiwashe tena mpaka imfikie mtu wa kufufua data. Ikiwa inazunguka kwa utulivu kabisa halafu kompyuta haiioni, au inaonyesha jina la ajabu au ukubwa 0, hapo fimwea inaingia kwenye orodha ya washukiwa. Badilisha kebo ya data na ya umeme kwanza lakini, maana kebo mbovu inaiga kila ugonjwa, na hata hivyo kastama kea watakuuliza tu.

Kama diski bado inaonekana, chukua vitu vitatu: modeli, siriali namba na toleo la fimwea. Kwenye Windows programu ya CrystalDiskInfo inakuonyesha vyote kwenye ukurasa mmoja, au fungua PowerShell uandike Get-PhysicalDisk | Select FriendlyName, SerialNumber, FirmwareVersion. Kwenye Linux ni smartctl -i /dev/sda. Piga picha skrini, weka kwenye simu, usiweke kwenye hiyo hiyo diski (nacheka lakini watu wanafanya). Angalia pia saa ilizokaa ikiwaka, Power On Hours, kwa sababu kuna mabomu yanayohesabu saa. Novemba 2019 HPE, kampuni ya seva, walitoa tangazo kwamba baadhi ya SSD zao (diski za chipu, hazizunguki) za SAS, aina ya muunganiko wa diski za kwenye seva, zikifika saa 32,768 zinakufa na data hazirudi, yaani miaka 3, siku 270 na saa 8, ukiijua hesabu ya kompyuta utaona hiyo ni 2 kipeo cha 15, kaunta imejaa. Dawa ilikuwa fimwea HPD8, na wenyewe walisema wameambiwa na kampuni iliyowatengenezea hizo SSD. Machi 2020 wakatoa tangazo jingine, safari hii ni saa 40,000. Sasa fikiria seva ina diski sita zimewekwa siku moja kwenye RAID (mpangilio wa diski kadhaa ili moja ikifa nyingine ziokoe data), zote zinafika saa hiyo pamoja, RAID itakusaidia nini? Kwa wale wenzangu tunaonunua seva za mtumba zilizotoka kwenye ofisi za watu huko nje, hili ni la kuangalia kabla hujalipa hela, maana saa zake zimeshaliwa na mtu mwingine.

Si kila bomu linaua lakini. SSD ya Crucial m4 ikifika saa 5,184 ilikuwa inagoma, ukiirestati inafanya kazi kama saa moja inagoma tena, na data zipo salama, Januari 2012 wakatoa fimwea 0309 yakaisha. Diski ikikupa saa moja moja namna hiyo itumie kukopi, usiitumie kubishana nayo.

Kukopi sasa. Anza na visivyopatikana kwingine: picha, hesabu za biashara, thesisi, madatabesi. Muvi achana nazo. Kama diski inasitasita tumia programu ya ddrescue ya Linux na mapfaili yake (faili linalokumbuka kipi kimeshakopiwa), ile inaruka sehemu ngumu na kuzirudia mwisho, wakati kopi ya kawaida ya Windows inang'ang'ania faili moja mpaka diski inachoka. Bekapu ikishakamilika ifungue, angalia faili mbili tatu kama zinafunguka kweli, ndo uwasiliane na kampuni. Usigeuze mpangilio huu.

Kuhusu kastama kea, na hapa nitakaa kidogo kwa sababu hapa ndo watu wanapigwa chenga. Mtu wa kwanza kukujibu si injinia, anasoma skripti, na skripti inakwenda hivi: endesha programu yetu ya kupimia, ikifeli tuma diski tutakupa nyingine, data si jukumu letu. Hili la mwisho wala si uongo, soma waranti yoyote ya diski utaliona, wanalinda chuma, vilivyomo ndani ni vyako. Kwa hiyo ukiandika imeli ya hasira kurasa mbili ukimalizia "naomba msaada" jibu lako ni hiyo skripti. Andika fupi, kwa Kiingereza kama ni makao makuu, na uliza maswali ambayo skripti haina majibu yake. Mimi ningeandika kwa maana hii:

"Diski modeli fulani, siriali fulani, fimwea fulani. Tangu jana haionekani kwenye bayosi, inazunguka kawaida, haina mlio, nimejaribu kebo mbili na kompyuta mbili. Naomba mnijibu: je, modeli na fimwea hii ina kasoro inayojulikana? Je, siriali yangu imo kwenye kundi lenye kasoro? Je, kuna fimwea ya kurekebisha, na inafaa kwa diski ambayo imeshagoma au kwa nzima tu? Kama ni kasoro ya fimwea, mtagharamia kutoa data? Naomba namba ya kesi, na kesi ipande ngazi ya pili."

Swali la kugharamia data usione aibu kuliuliza. Seagate mwaka ule 2009 walipokubali kwamba kuna tatizo walitoa fimwea bure na wakasema ambaye data zake zimefungiwa watamtolea bure, kupitia kampuni yao wenyewe ya kufufua data i365. Walikubali baada ya kelele kubwa, sawa, ila walikubali, na kinachoshinda ni kuonyesha kwamba ni kasoro ya kiwandani na siyo diski yako moja iliyochoka. Mwenye namba ya fimwea mkononi anasikilizwa kuliko anayesema "diski imekufa bana".

Kabla hawajakukatia simu jua pia diski yako ni ya nani. Diski iliyokuja ndani ya Dell au HP, hata ikiandikwa Seagate au Samsung juu, mara nyingi waranti yake ipo kwa aliyeuza kompyuta, na fimwea yake ni ya kwake pia, usije ukaipachika fimwea ya diski za dukani ukaiua mwenyewe. Na kama diski imepitia Dubai ndo ikafika Kariakoo, ukiingiza siriali kwenye tovuti unaweza kuambiwa waranti haihusu eneo lako, hapo unarudi kwa aliyekuuzia. Risiti ya EFD itunze, piga picha kabla wino haujafutika. Muuzaji akiruka kimanga, kwa Tanzania kuna Tume ya Ushindani, FCC, wanapokea malalamiko ya walaji.

Haya, fimwea mpya imetoka. Usiikimbilie siku hiyo hiyo kama diski yako inafanya kazi na bekapu unayo. Wale wale Seagate Januari 2009 apdeti ya kwanza waliyoitoa ya SD1A iliua diski zisizo na tatizo za 500GB, modeli ST3500320AS, wakaiondoa haraka na kuirudisha siku chache baadaye ikiwa imerekebishwa. Waache wenye haraka waijaribu kwanza. Isipokuwa kama ni bomu la saa na saa zako zimekaribia, hapo huna muda wa kusubiri mtu.

Siku ya kuapdeti chomoa diski nyingine zote, ibaki hiyo tu, ichomeke moja kwa moja kwenye ubao mkuu wa kompyuta, enklosha (makasha ya diski) za USB nyingi hazipitishi komandi za fimwea. Laptopu iwe na chaji na kwenye chaja, desktopu iwe kwenye UPS, maana umeme ukikatika katikati ya kuandika fimwea sasa umetengeneza tatizo jipya kabisa. Kwenye RAID fanya diski moja, subiri, angalia, ndo nyingine. Halafu iandike juu kwa maka peni kwamba imeapdetiwa lini. Unaona kama ushamba? Samsung HD204UI ya 2TB mwaka 2010 ilikuwa na kasoro ya kupoteza data ikiulizwa utambulisho wake wakati inaandika, hata smartctl tu ingeweza kuichokoza, na fimwea ya kurekebisha ilipotoka namba ya toleo haikubadilika. Ile ile. Ukiitazama kwenye programu huwezi kujua ipi imetibiwa ipi bado.

Kama imeshagoma kabisa, apdeti ya kawaida haitasaidia kwa sababu diski haijibu komandi. Zile 7200.11 watu walizifufua kwa adapta ya TTL (ya kuunganisha kompyuta na diski kwa waya ili kuiandikia komandi) kwenye pini za pembeni, spidi 38400, wanaweka kipande cha karatasi kuzuia kontakti ya mota, halafu wanaandika komandi za kufuta logi. Inafanya kazi kwa ugonjwa ule, na kuna komandi moja ambayo ukiikosea inafuta ramani ya data yote, kwa hiyo mpe mtu aliyewahi kuifanya. Na anayekwambia tubadilishe tu ubao wa saketi wa diski kwa wa modeli hiyo hiyo muulize atahamisha vipi romu, chipu ya kumbukumbu iliyo kwenye ubao huo, maana kila diski ina vipimo vyake kwenye chipu, na sehemu ya fimwea ipo kwenye sahani zenyewe, ubao mpya hauibadilishi.

Ukiamua kuituma kampuni wakupe nyingine, kumbuka unatuma na vilivyomo, diski isiyojibu huwezi kuifuta. Kama ina mambo ya wateja au picha za ndani ya nyumba na haikuwa imefungwa kwa nenosiri la usimbaji, piga hesabu, wakati mwingine kununua nyingine ni nafuu. Na ile watakayokurudishia mara nyingi ni iliyotengenezwa upya, siyo mpya, kwa hiyo siku inafika kabla hujaweka hata faili moja soma toleo lake la fimwea, wakikuletea lile lile bovu waandikie palepale kwa namba ile ile ya kesi.