Kumwozesha Mtu-Mbwamwitu kwa Mnyonya Damu: Mwongozo kwa Mwandishi wa Hadithi

Hadithi nyingi za ndoa ya mkataba hufia sehemu ya tatu. Msomaji amefika hapo na bado hajui hawa wawili wameoana ili iweje. Mwandishi amemwambia ni "kwa ajili ya amani ya koo mbili", na amani haina kipimo. Kondoo wana idadi, sarafu zina uzito, usiku una urefu wake. Kwa hiyo kabla ya sentensi ya kwanza chukua karatasi upige hesabu: huyu amepungukiwa na nini, kiasi gani, na mwenzake anacho kiasi gani. Mapenzi yatakuja yenyewe, na mara nyingi yatapita pale mkataba ulipoacha mwanya.

Anza na majina. "Vampaya" wengi wanalijua, "mnyonya damu" kila mtu analielewa. Lakini usimwite mumiani. Mumiani wa masimulizi yetu ni mtu hai, mara nyingi katumwa, anakinga damu ili ikauzwe. Ndiyo maana zamani Nairobi watu waliwahi kuwakimbia wazimamoto na magari yao. Hakutoka kaburini wala hanywi. Ukimwita hivyo bwana harusi wako, msomaji ataanza kutafuta gari na ndoo. Upande wa bibi harusi, mtu anayegeuka mbwa mwitu mwezi ukiwa mpevu, shida ni nyingine: mbwa mwitu wetu ana madoa na masikio ya duara, na huwinda mchana. Wa Ulaya, yule yule anayetajwa kwenye Biblia ya Kiswahili, ni wa kijivu, mkia mzito, masikio ya ncha. Mchore mara moja mwanzoni, usirudie tena.

Mahali na mwaka

Tunashauri Banat, eneo la kusini-mashariki mwa Ulaya lililokuwa chini ya Austria, karibu na Timișoara (leo ni Romania), Februari 1755. Hatukuokota. Kwanza, huko Balkani viumbe hawa wawili wana ugomvi wa jina: neno la Kislavi vukodlak maana yake ya asili ni mwenye manyoya ya mbwa mwitu, lakini Waserbia wamelitumia pia kumwita maiti anayefufuka, na Wagiriki walilichukua wakampa mfu wao, vrykolakas. Koo mbili zinazogombea jina moja tayari ni nusu ya hadithi.

Pili, sheria. Katika vijiji vya Serbia, Kisiljevo mwaka 1725 na Medveđa mwaka 1732, maafisa na madaktari wa jeshi la Austria waliandika ripoti za makaburi kufukuliwa na maiti kuchomwa vigingi na moto. Mwaka 1755 Malkia Maria Theresa, baada ya taarifa ya daktari wake Gerard van Swieten, alipiga marufuku mambo hayo. Bwana harusi wako anaogopa wanakijiji wenye sepeto bila kujua kwamba msaada uko njiani kutoka Vienna. Msomaji ajue kabla yake.

Tatu, pesa. Sarafu ya fedha ya malkia huyo huyo ndiyo iliyokuja kutumika Zanzibar na Omani karne iliyofuata, ile riale ya mabibi zetu. Ina uzito wa gramu 28 hivi, na zaidi ya gramu 23 ni fedha yenyewe. Shika takwimu hiyo, tutairudia.

Piga hesabu ya uhitaji

Mume anahitaji damu. Mpe nusu lita kwa usiku. Kondoo wa kilo 40 ana damu ya lita mbili na nusu hivi, na ukimtoa robo lita atapona, mradi umpumzishe kama wiki nne. Basi kwa usiku mmoja kondoo wawili, kwa siku 28 kondoo 56. Ongeza wenye mimba na wagonjwa, sema 65. Wamasai wanaijua kazi hii: mshipa wa shingo unakazwa kwa kamba, unachomwa kwa mshale mfupi usiozama, kibuyu kinakingwa, mnyama anarudi malishoni. Andika hatua hizo hizo kwa kondoo wa Banat. Onyesho la mume akinywea kwenye bakuli la udongo, huku kondoo akitafuna majani, litakaa kichwani kuliko shingo kumi za mabinti.

Mke anahitaji handaki: jiwe, mlango wa mwaloni, komeo nje, usiku tatu kila mwezi, yaani ule wa mwezi mpevu, mmoja kabla na mmoja baada. Ukoo wake una kondoo, hauna jumba la mawe. Mume ana jumba, hana hata mbuzi. Hapo ndoa imesimama kwa miguu yake.

Sasa tafuta panapouma. Kondoo wanamnusa mbwa mwitu na kutawanyika, kwa hiyo mwenye mifugo hawezi kuichunga. Anahitaji mchungaji binadamu, naye mchungaji ana macho na mdomo. Huyo ni mhusika wako wa tatu, na hukumbuni. Hesabu ndiyo iliyomleta.

Mwezi

Hapa ndipo waandishi wengi huaibika. Kutoka mwezi mpevu hadi mwingine ni siku 29 na nusu. Mwezi mpevu huchomoza jua likizama na kutua jua likichomoza. Hauchomozi saa sita usiku, na hilali haimbadilishi mtu. Msomaji wa pwani anayehesabu mwezi mwandamo atakukamata mara moja, kwa sababu anajua mwezi wa kumi na nne unakaa wapi wakati wa Isha. Ukipotea, shika kalenda ya Kiislamu: tarehe 14 au 15 ndiyo usiku wa mke kufungiwa.

Tazama maana yake kwa ndoa. Mwezi mpevu unatawala usiku mzima, na usiku ndio muda pekee mume yuko macho. Kwa hiyo usiku tatu kila mwezi mume ana nyumba iliyojaa mkewe na hana wa kuzungumza naye. Mchana ni kinyume. Na muda wao hautoshani: huko Banat usiku wa Desemba ni mrefu, zaidi ya saa 15 kutoka machweo hadi macheo, na wa Juni ni saa 8 na kidogo. Ndoa iliyofungwa Februari itapungukiwa usiku kila wiki mpaka kiangazi. Ukiandika wanapendana Juni, eleza walipata wapi nafasi.

Kanuni za miili yao

Chagua chache, zitangaze mapema, usizivunje. Jua kumteketeza mnyonya damu si jambo la kale. Lilishika baada ya filamu bubu ya Kijerumani ya 1922. Katika ripoti za karne ya 18 kinachowakwamisha ni kigingi na moto. Sisi tungeacha jua limdhoofishe tu, maana mume anayegeuka jivu akichungulia dirishani hachangii mazungumzo. Kioo nacho: ukisema haonekani kwa sababu ya fedha iliyo nyuma yake, umejikwaa. Vioo vya 1755 vilipakwa bati na zebaki. Njia ya kupaka fedha ni ya Liebig, mkemia Mjerumani, 1835. Mwache ajione.

Mwezi kumgeuza mbwamwitu na fedha kumchoma, vyote viwili vimekazwa kuwa sheria na filamu za karne ya 20. Peter Stumpp, aliyeshtakiwa kuwa mbwamwitu na kuuawa Bedburg, Ujerumani, mwaka 1589, alikiri chini ya mateso kwamba hugeuka kwa mkanda aliopewa na shetani. Mkanda unafaa ukitaka ugomvi wa nani anashika ufunguo wa sanduku. Kwa hadithi ya mfululizo mwezi ni bora: unakupa kalenda bure.

Halafu ile ya kuhesabu. Masimulizi ya Ulaya Mashariki yanasema mnyonya damu akimwagiwa mbegu lazima azihesabu zote kabla ya kuendelea. Sisi tunaambiana tusimwage mtama penye kuku wengi. Kwake yeye, usimwage hata ukiwa huna kuku.

Harusi

Huko enzi hizo mali ya ndoa ilitoka upande wa mke kwenda kwa mume, kinyume cha mahari yetu. Lieleze kwa sentensi moja, la sivyo msomaji atadhani umekosea. Weka sarafu 120: karibu kilo 3 na theluthi. Ukoo wa mbwamwitu unazo kwa sababu hakuna aliyewahi kuweza kuzitumia.

Kwa Wakatoliki ndoa hutangazwa kanisani mara tatu, na Kwaresima haifungwi kwa sherehe. Mwaka 1755 Jumatano ya Majivu iliangukia 12 Februari, na mwezi ulikuwa gizani karibu na tarehe 11. Jumanne hiyo ndiyo harusi yako: bibi harusi yuko salama kabisa, na mlango wa harusi unafungwa kesho yake. Bwana harusi asiyeweza kusimama mchana aoe kwa wakala. Marie Antoinette, aliyekuja kuwa malkia wa Ufaransa, aliozwa hivyo Vienna mwaka 1770, kaka yake akisimama badala ya bwana harusi. Msomaji aliyezoea akdi msikitini wakati bibi harusi yuko nyumbani hatashangaa hata kidogo.

Usiandike usiku wa harusi wa mishumaa. Andika kuhesabu mali:

Mfuko wa ngozi ulitua mezani kwa kishindo. Bibi harusi akarudi nyuma hatua mbili, vidole amevikunja. Ncha zake zilikuwa zimeiva pale kamba ilipolegea.

"Hesabu, bwana."

"Baba yako ameshahesabu, bibi."

"Baba hajawahi kuzigusa. Alihesabu mifuko."

Bwana harusi akazimwaga. Alipofika ya arobaini na moja, moja ikabiringika ikaingia chini ya kabati. Akanyamaza, akazirudisha zote mfukoni, akaanza: moja. Bibi harusi akavuta kiti. Mara ya tatu ilipofika arobaini, bibi harusi akainuka, akachukua koleo la mekoni, akalipenyeza chini ya kabati, akaitoa ile sarafu na kuiweka mbele yake.

Hakuna aliyemwita mwenzake mpenzi. Wabaki kwenye "bwana" na "bibi" walau sehemu kumi, ili siku jina litakapotajwa lisikike.

Mkataba

Uandike wote, hata kama hadithini utaonyesha vifungu vitatu. Mfano:

1. Mke ataleta kondoo 65 na sarafu 120. Kondoo anayekufa atalipwa na aliyemuua.
2. Mume atatoa handaki usiku tatu kwa mwezi, na komeo atalifunga yeye mwenyewe.
3. Hakuna atakayeonja damu ya mwenzake.
4. Muda ni miezi mwandamo 13.
5. Mmoja akifa, mali ya mke inarudi kwao.

Kifungu cha 5 kina bomu. Mume alishakufa kabla ya kuoa. Ndugu wa mke wanaweza kudai mali siku ya pili, na wakili mjanja atauliza kama kiapo cha "hadi kifo" kilimfunga mtu aliyekwisha kufa. Kifungu cha 2 kina mwanya mpole zaidi: kinasema afunge komeo, hakisemi aondoke. Usiku wa kwanza anaondoka. Usiku wa nne, tuseme, amekaa upande wa pili wa mlango anasoma kwa sauti. Usimweleze sababu.

Makosa mengine tunayokutana nayo ni mepesi: wahusika kupona kila jeraha hadi hatari inaisha, mchungaji kusahauliwa, kondoo kubaki 65 mwaka mzima bila hata mmoja kuzaa. Weka daftari la kondoo, usiku na sarafu, ulisahihishe kila ukirusha sehemu. Sehemu yenyewe isizidi maneno 1,000; inasomwa kwenye simu, ndani ya daladala.

Miezi mwandamo 13 ni siku 384. Kutoka 11 Februari 1755 unafika Jumatatu, 1 Machi 1756, mwezi uko gizani tena. Jumatano ya Majivu mwaka huo ni 3 Machi. Mkataba umekwisha, na kabla ya Kwaresima imebaki Jumanne moja. Sehemu ya mwisho ianze asubuhi ya Jumatatu hiyo, mke akiwahesabu kondoo wake langoni, na mchungaji akimuuliza awapeleke upande gani.