Somo: Mkataba wa karani wa stoo, kipengele kwa kipengele

Tuchukue karani wa stoo Kariakoo anayelipwa kwa mwezi. Msingi wetu ni Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004.

1. Andika jina, umri, jinsia na anwani ya kudumu ya mfanyakazi, mahali alipoajiriwa, tarehe ya kuanza na aina ya mkataba. Majukumu yataje: kupokea mzigo, kuhesabu, kuandika leja. Ukiishia "na kazi nyingine atakazopangiwa", kesho karani atapakua makontena.

2. Kituo cha kazi kitaje mtaa. "Dar es Salaam" tupu inaweza kumhamisha mtu wa Mbagala hadi Bunju kwa nauli yake.

3. Mshahara. Hapa ndipo watu wanaumia, someni polepole. Tenganisha mshahara wa msingi na posho, kwa sababu saa za ziada hukokotolewa kwenye msingi peke yake. Msingi wa 390,000 ugawe kwa saa 195 (wiki 4.333 mara saa 45): saa moja ni 2,000, na ya ziada, mara moja na nusu, ni 3,000. Mwajiri akiandika msingi 195,000 na posho 195,000, mkononi unapokea kilekile, lakini saa ya ziada imeshuka hadi 1,500. Kiinua mgongo nacho kinapungua nusu.

4. Saa za kawaida hazizidi 45 kwa wiki na 9 kwa siku. Za ziada mwisho 50 katika wiki 4. Likizo ya mwaka ni siku 28 mfululizo.

5. Notisi: siku 7 ndani ya mwezi wa kwanza, baada ya hapo 28. Sainini kila ukurasa, nakala mbili, na yako uondoke nayo siku hiyohiyo.

MASWALI

– Mkuu, nina miaka miwili kazini na sijapewa karatasi yoyote. Nina haki kweli?

– Unazo, ndugu yangu. Kwenye shauri, mwajiri asipotoa mkataba wa maandishi, mzigo wa kuthibitisha au kukanusha sharti linalodaiwa ni wake. Hata hivyo tunza meseji za malipo ya mshahara na kitambulisho cha kazi.

– Mimi nilisaini likizo ya siku 14. Imeshanifunga?

– Hapana dada. Mkataba unaweza kuongeza juu ya 28, kushusha hauwezi.

– Nikiachishwa bila sababu?

– Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, ndani ya siku 30 tangu kuachishwa. Ukiambiwa "njoo wiki ijayo tuongee", nenda ukaongee, ila fomu yako ya malalamiko iwe imeshapokelewa na Tume.